Penseli za rangi zinazofutika: ya kuchorea na ya kitabuni si moja

Swali: Mimi ni mwalimu wa biolojia wa sekondari, Tanga. Napenda kuchora mimea, na siku hizi natengeneza michoro ya kufundishia: nachora kwa penseli, kisha napitisha wino. Pia siwezi kusoma bila kupiga mistari. Vitabu vyangu ni mchanganyiko: vya zamani vya karatasi ya kawaida, kimoja cha mimea chenye picha za rangi na karatasi ya kung'aa, tafsiri ya Qur'ani ya karatasi nyembamba, na vingine ni mali ya shule. Nilinunua pakiti ya penseli za rangi za watoto zenye kifutio nyuma, zimeandikwa kwamba zinafutika. Kwenye kitabu kimoja cha shule, nyekundu imebaki kama waridi na karatasi imeota manyoya. Mwenzangu ananishauri ninunue kalamu za wino unaofutika. Ni kipi kitakachofaa kazi zote mbili? Na hicho kitabu nilichokwisha kukichafua nikifanyeje?

Jibu: Mwalimu, salamu nyingi. Nianze na hasara ili nikuokolee hela: hakuna penseli moja itakayokufaa kwa kazi zote mbili. Ya kuchorea ni nyingine, ya kitabuni ni nyingine, na kwa baadhi ya vitabu ulivyovitaja jibu langu ni kwamba usitie rangi kabisa. Kalamu za wino unaofutika nitazijia, maana zina hila yake ambayo mwenzako huenda hajaijua.

Kwanza tuelewane kwa nini ile nyekundu iligoma. Penseli ya kawaida, HB tuseme, ndani yake mna grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa kwenye tanuri kwa joto la karibu nyuzi 1,000. Njia hiyo tumeirithi kwa Mfaransa Nicolas-Jacques Conté, tangu mwaka 1795. Grafiti ni vipande bapa vidogo mno ambavyo hukaa juu ya nyuzi za karatasi bila kushikamana nazo sana, ndiyo maana kifutio kinavibeba kwa urahisi. Penseli ya rangi haiwezi kupitia tanuri hilo kwa sababu rangi nyingi zingeungua. Kijiti chake ni unga wa rangi, kijazio kama talki au kaolini, gundi, na nta au mafuta, kisha hukaushwa tu. Nta ndiyo inayoifanya iteleze vizuri na kukolea. Nta hiyohiyo ndiyo iliyokushinda. Unapokandamiza inasukumwa katikati ya nyuzi za karatasi ikiwa imebeba unga wa rangi, na kifutio kikipita kinaondoa kilichoko juu na kupaka kilichoko chini. Ukiongeza nguvu, unaanza kung'oa nyuzi zenyewe. Hayo ndiyo manyoya uliyoyaona.

Penseli zinazofutika zimepunguziwa nta na kijiti chake ni kigumu zaidi. Kwa hiyo rangi yake ni pungufu, na huo si ubovu, ndiyo gharama ya kufutika. Ukikuta penseli inajisifu kwamba inafutika huku imekolea na kulainika kama krayoni, ishuku. Na hata iliyo nzuri haifutiki kama grafiti. Kwenye pakiti wanaposema inafutika, wewe elewa kwamba inapungua mpaka haionekani kwa haraka. Ukiinamisha ukurasa kwenye mwanga utaona kivuli chake. Kwa sababu hiyo mimi huwaambia watu wachague rangi kwa kuangalia kile kitakachobaki. Bluu hafifu ikibaki kidogo haimsumbui mtu. Nyekundu ikibaki inakuwa waridi, kama ulivyoona, na zambarau ikibaki inaonekana kama mtu amemwaga kitu. Njano inasahaulika haraka, lakini usiku chini ya taa ya njano hutaiona hata wewe mwenyewe uliyeichora.

Za kuchorea

Hapa jibu langu ni jepesi: tafuta Col-Erase za Prismacolor. Ni penseli za mwili mwembamba, ngumu, zinazoshika ncha kwa muda mrefu, na nyingi zina kifutio nyuma. Wachoraji wa filamu za katuni Marekani wamezitumia kwa miaka mingi sana kuchorea umbo la kwanza la mhusika kwa nyekundu au bluu, kisha mstari safi ukafuata juu yake kwa grafiti. Ukipata za zamani kwa mtu, zimeandikwa Berol au hata Eagle ubavuni, ni ukoo huohuo, zichukue.

Usinunue boksi la rangi 24. Utatumia tatu, nyingine zitakaa kwenye droo. Nunua moja moja: bluu hafifu mbili kwa kuwa ndiyo itakayoisha kwanza, na nyekundu ya karmini moja. Ukitaka ya tatu, chukua ya chungwa au kijani ya kawaida. Hakikisha penseli haikuanguka anguka dukani, kwa sababu kijiti kigumu kikishapasuka ndani utachonga mpaka uchoke na ncha itaendelea kudondoka. Tumia kichongeo cha chuma chenye wembe mkali. Vile vya plastiki vya kwenye vibanda, wembe wake ukiwa butu, vinasokota kijiti badala ya kukikata.

Hiyo bluu hafifu ina faida ambayo kwa kazi yako naiona kubwa kuliko kufutika kwenyewe. Enzi za kupiga picha kurasa kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji, filamu zilizotumika hazikuweza kutofautisha bluu hafifu na weupe wa karatasi. Mhariri aliweza kuandika maelekezo juu ya mchoro, msanii akachora umbo la chini, na hakuna kilichotokea kwenye chapa. Siku hizi filamu hizo hazipo mezani, ila tabia ya rangi ni ileile. Skani mchoro wako kwa rangi, fungua kwenye programu ya kuhariri picha, uchague chaneli ya bluu peke yake: mistari ya bluu hafifu inakaribia weupe na wino mweusi unabaki palepale. Hata programu nyingi za skana za kwenye simu, ukizipeleka kwenye nyeusi na nyeupe, zinaimeza bluu hiyo bila kuulizwa. Maana yake bluu huhitaji kuifuta (nyekundu haipotei kwa njia hiyo, hiyo utaifuta). Mchoro wako halisi unabaki na mifupa yake, na nakala ya darasani inatoka safi.

Tuone kwa mfano wa karibu na kwenu. Tuseme umepanda milimani, Amani, kuchora Saintpaulia, yale maua ya zambarau ambayo dunia nzima inayafuga madirishani na kwao ni Usambara. (Jina limetokana na Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyeyakusanya mwaka 1892; wataalamu wa mimea sasa wameyaingiza kwenye jenasi ya Streptocarpus, lakini wauza maua hawajasikia habari hiyo.) Jani lake ni nene, lina vinyweleo vifupi, na ukingo wake unazunguka polepole kiasi kwamba ukiukosea kidogo tu, jani linageuka la mmea mwingine. Shika penseli ya bluu mbali na ncha, ubavu wa ncha ndio uguse karatasi. Vuta mshipa wa kati kwanza. Kisha tafuta ukingo kwa mistari miwili mitatu inayopishana, bila kufuta hata mmoja. Kufuta katika hatua hii ndiko kunakoharibu karatasi, na tena mstari uliokosewa unakusaidia kujua ulio sahihi uko wapi. Halafu chukua karmini, upite juu ya ule uliouridhia, mwepesi vilevile. Sasa una bluu ya kubahatisha na nyekundu ya uamuzi, na macho yako hayatachanganya mistari wakati wa kutia wino. Ukishazoea, karmini utaitumia sehemu ngumu tu, pale kikonyo kinapoungana na jani, au majani mawili yanapopishana.

Vinyweleo usivichore kwa penseli ya rangi kabisa. Viache vya wino.

Kuhusu wino: tumia kalamu ya wino usioyeyuka kwa maji. Penseli zenye nta nyingi huzifanya kalamu hizi ziruke, mstari unakuwa na mapengo, kwa kuwa wino hausimami juu ya nta. Col-Erase zina nta ndogo, hivyo wino unapita, ilimradi hukukandamiza. Ukimaliza, subiri. Tanga si Dodoma. Hewa yenu ina unyevu na wino unakauka taratibu. Mimi nisingefuta chochote kabla ya siku ya pili. Ukifuta mapema, kifutio kinabeba wino pamoja na bluu, na mstari uliokuwa mweusi tititi unakuwa wa kijivu.

Kosa moja la mwisho katika fungu hili, maana nalikuta kila mahali: penseli za rangi za maji, zile zinazogeuka kuwa rangi ya brashi zikiloweshwa. Zikiwa kavu zinafutika vizuri, wakati mwingine vizuri kuliko zenye nta, kwa hiyo mtu anazijaribu dukani, anafurahi, ananunua. Kisha anachora adhuhuri, kiganja kimetoa jasho, anaegemea kazi yake. Jasho linayeyusha rangi, na ikishayeyuka imeingia kwenye karatasi moja kwa moja. Kwa mtu wa pwani hazifai kama penseli za kuanzia mchoro.

Col-Erase zisipopatikana, Caran d'Ache wana penseli yao ya bluu hafifu ya wasanii iitwayo Sketcher, na Mitsubishi wa Japani (wale wa penseli, si wa magari) wana Arterase, ambayo rangi yake ni nzuri zaidi kidogo. Zote hizi kwa kawaida utaziagiza. Zile za watoto, Crayola wanazo, Staedtler wanazo chini ya jina la Noris, na chapa nyingine nyingi, nisizidharau: wanafunzi wako wanaopaka rangi mchoro wa seli au ramani ya mikoa zinawatosha, kwa sababu hapo kazi ni kurekebisha rangi iliyotoka nje ya mstari, si kuirudisha karatasi kuwa nyeupe. Ila ukizipeleka kwenye mchoro wa wino, jiandae kwa mapengo.

Na michoro uliyochora kwa penseli hizi usiitundike ukutani kwenye jua ukategemea itadumu. Ni za kazi ya chini.

Za kitabuni

Kwenye kitabu chako mwenyewe, cha karatasi ya kawaida isiyong'aa, penseli bora ya kuwekea alama ni HB au B ya kawaida. Najua hukuniuliza hiyo. Lakini hakuna penseli ya rangi duniani inayofutika kama grafiti, na anayekwambia vinginevyo anakuuzia kitu. Usichukue H au 2H ukidhani wepesi wake ni usalama. Kijiti kigumu kinachimba mtaro kwenye karatasi, unafuta rangi na mtaro unabaki unasomeka kwa kidole.

Ukiwa lazima utumie rangi, na nakubali kuna sababu (labda bluu kwa istilahi na kijani kwa mifano ya kutolea darasani), nenda kwenye penseli ya kubonyeza inayotiwa vijiti vya rangi. Pilot wanavyo, vinaitwa Color Eno, vya milimita 0.7. Uni wana Nano Dia za rangi, kuna za 0.5 na za 0.7. Zimetengenezwa zifutike, na zaidi ya hapo kijiti chembamba kiasi hicho hakina nafasi ya kuweka rangi nyingi: ukikandamiza kinavunjika kabla hujaharibu ukurasa. Chukua 0.7. Ile ya 0.5 ya rangi inakatika ovyo, utasoma aya moja na kubonyeza mara tano. Rangi zake ni hafifu ukilinganisha na penseli ya mti, na kwa pambizo la kitabu hilo ni jema.

Kwa mwalimu kuna faida nyingine. Alama za bluu hafifu pambizoni mara nyingi hazitokei kwenye fotokopi ikiwa mashine haikuwekwa kwenye giza. Unaweza kuweka alama unazotaka kwenye ukurasa, ukautolea nakala kwa wanafunzi, wakapata ukurasa msafi. Jaribu kwanza kwa mashine mnayoitumia, kwa sababu za kisasa zenye skana kali zinaweza kuikamata.

Namna ya kuweka alama ina uzito kuliko aina ya penseli. Usipige mstari chini ya maneno. Piga mstari mfupi wa wima pambizoni, sambamba na sentensi unayoitaka, na neno lenyewe kama ni muhimu sana liwekee nukta moja chini yake. Siku ya kufuta utakuwa unafuta sentimita chache za karatasi tupu badala ya kusugua juu ya chapa. Wino wa kitabu kilichochapwa vizuri kiwandani unavumilia kifutio, lakini ulioprintiwa kwa mashine ya leza umekaa juu ya karatasi, ukisugua sana unafifia, na wa gazeti unapakazika hata kwa kidole. Kompyuta zikishatutolea moduli na vitini vya kuprinti, kusugua juu ya maneno ni kujitafutia lawama.

Usifunge kitabu kwa nguvu ukurasa ukiwa na alama nzito mpya. Rangi inahamia ukurasa wa pili, hasa kikiwekwa chini ya rundo, na hapo unakuwa na madoa mawili ya kufuta.

Vitabu ambavyo ningekuzuia

Kile cha mimea chenye karatasi ya kung'aa: karatasi hiyo imepakwa tabaka la udongo mweupe ili picha zitoke vizuri. Penseli ngumu haishiki, kwa hiyo unakandamiza. Ukikandamiza unakwaruza tabaka. Ukifuta unapata baka lisilong'aa katikati ya ukurasa unaong'aa, na hilo halina dawa. Tia vipande vya karatasi katikati ya kurasa, virefu kidogo vitokeze juu, na uandike kwenye vipande hivyo. Si vile vya kubandika vyenye gundi. Gundi yake huacha mabaki ambayo huyaoni leo, ila yanakusanya vumbi na kushikanisha kurasa.

Tafsiri ya Qur'ani: tuache hata adabu ya kitabu chenyewe, ambayo wewe unaijua kuliko mimi. Karatasi ile ni nyembamba kiasi kwamba maandishi ya nyuma yanaonekana, na haina unene wa kustahimili kifutio. Ikiviringika chini ya kidole mara moja tu, imekunjamana milele. Andika namba ya sura na aya kwenye daftari.

Vitabu vya zamani vilivyogeuka rangi ya chai, vikikatika pembeni ukivipindua: usitumie kifutio, basi usitumie penseli.

Vya shule, Mwalimu, hapana. Si kwa sababu penseli haitafutika. Mwanafunzi atakayekiazima baada yako atakuta mstari wako na ataamini kwamba pale tu ndipo mtihani unapotoka. Kaunta buku moja ya kunukuu namba ya ukurasa na mstari inatosha, na inakusanya vitabu vyote mahali pamoja.

Kalamu za wino unaofutika

Nadhani mwenzako anamaanisha FriXion za Pilot, au zile zinazoiga. Wino wake haufutwi. Kile kipande cha plastiki nyuma ya kalamu kinasugua karatasi, msuguano unaleta joto, na wino ukifika karibu nyuzi 60 unapoteza rangi. Wino wenyewe bado upo palepale kwenye karatasi, umekuwa tu hauonekani. Ukiuweka ukurasa huo kwenye friza, kwenye baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri kwenda chini, maandishi yanaanza kurudi. Kwa hiyo kitabu cha kuazima ulichokiandikia kwa FriXion na "kukifuta" umekirudisha kikiwa na maandishi yako yote ndani.

Upande wa pili ni mbaya zaidi kwetu sisi wa joto. Kitabu kilichoachwa kwenye dashibodi ya gari lililofungwa vioo saa saba mchana kinaweza kufikia joto hilo bila mtu kukigusa, na alama zako zote zikapotea. Ukipitisha karatasi kwenye mashine ya kulamineti, ambayo joto lake ni zaidi ya nyuzi 100, maandishi yanaondoka hapo hapo. Kwa michoro ya kufundishia unayotaka kuilamineti hilo peke yake linatosha kuikataa. Na usisaini nayo wala kujazia alama za wanafunzi. Mimi naitumia kwenye shajara ya mipango, ambako kila kitu kinabadilika kila siku, na huko ni kalamu nzuri. Kuna na hailaita za jamii hiyo. Jibu langu kwake ni lilelile.

Kifutio

Nusu ya lawama inayotupwa kwa penseli ni ya kifutio. Kile cha nyuma ya penseli ya rangi ni cha dharura. Kikikaa dukani au nyumbani kwenye joto kinakauka na kuwa kigumu, na kigumu kinapaka badala ya kubeba. Kile cha rangi mbili, nyekundu na bluu, ambacho Pelikan wamekifanya kikajulikana Afrika Mashariki nzima: upande wa bluu una chembechembe za kusugulia. Tulipokuwa shule tuliamini unafuta wino. Unakwangua karatasi mpaka wino uondoke nayo, na ukifululiza unapata tundu. Usiusogeze karibu na kitabu.

Unahitaji viwili. Cha kwanza ni kile cheupe cha plastiki laini, cha vinili. Mars plastic ya Staedtler inapatikana kwenye steshenari kubwa na ni kizuri. Cha pili ni kifutio cha kufinyanga, cha kijivu, unachokikanda kama ugali kwa vidole na kukigandamiza juu ya alama bila kusugua. Kinanyanyua unga wa rangi ulioko juu. Ukianza nacho, kile cheupe kinakuta kazi imebaki kidogo na hakipaki. Kinachouzwa kubandikia mabango ukutani kinaweza kusaidia kwenye mchoro kama huna cha kufinyanga, lakini kwenye kitabu nisingekitumia, kina mafuta.

Kabla ya kufuta, safisha kifutio cheupe kwa kukisugua kwenye karatasi tupu mpaka kiache kutoa rangi. Kiganja kimoja kishike ukurasa karibu kabisa na alama. Futa kuelekea nje, kutoka mshono wa kitabu kwenda ukingoni, kwa mikuno mifupi ya upande mmoja. Ukienda na kurudi ndipo ukurasa unapokunjamana. Makombo yaondoe kwa brashi laini kavu. Kupangusa kwa kiganja ndiko kunakorudisha rangi, na kupuliza kunaleta mate. Siku ya mvua, au kitabu kikiwa kimetoka chumba chenye unyevu, ahirisha. Karatasi iliyonyonya unyevu imelegea nyuzi na itaota manyoya kwa kusuguliwa kidogo tu.

Kifutio cha vinili kiache kwenye ganda lake la karatasi. Kikilala kwenye kibweta pamoja na rula ya plastiki au penseli zilizopakwa rangi, wakati wa joto kinashikana navyo: unakuta rula ina alama iliyolika yenye umbo la kifutio, na kifutio kimebeba rangi ya mti wa penseli, ambayo kesho unaipaka kitabuni ukidhani ni penseli imegoma.

Kujaribu kabla ya kununua

Muuza duka atakuruhusu ukimwomba kwa upole. Nenda na kifutio chako na kipande cha karatasi kilichofanana na kazi yako. Piga mistari mitatu: mmoja kwa uzito wa mkono tu, wa pili kama unavyoandika, wa tatu kwa nguvu. Futa yote mitatu kwa mikuno sawa, kisha inamisha karatasi kwenye mwanga wa mlangoni. Kwa penseli nzuri wa kwanza hauonekani, wa pili ni kivuli, na wa tatu unabaki. Ikiwa hata wa kwanza umebaki, irudishe. Ikiwa hata wa tatu umeondoka wote, itazame vizuri, huenda ni ya rangi ya maji. Lowesha kidole, gusa mstari mwingine uone kama unayeyuka.

Kile kitabu kilichochafuka

Acha kusugua. Karatasi iliyoota manyoya haina uso tena pale, na kila unachokifanya kinapeleka rangi chini zaidi. Iache ikae siku kadhaa ndani ya kitabu kilichofungwa, chini ya uzito mdogo, nyuzi zilale. Kisha kanda kile kifutio cha kijivu mpaka kiwe laini, kichongee ncha ndogo, kigandamize juu ya waridi na kukinyanyua wima. Geuza sehemu safi, rudia. Usikivute pembeni hata kidogo. Itapungua, pengine kwa nusu. Cheupe kitumie tu pembezoni mwa doa ambako karatasi bado ni nzima, na ukiona unyuzi mmoja umesimama, umefika mwisho.

Usijaribu petroli, spiriti wala sabuni. Nta itayeyuka, ni kweli, na itasambaa duara kubwa kuliko mstari wako, ikitoboa mpaka ukurasa wa nyuma. Wala usifunike kwa ile rangi nyeupe ya kusahihishia. Waridi litakalobaki liache hapo, na umwambie mtunza maktaba wa shule ni ukurasa wa ngapi, ili kwenye daftari lake iandikwe kwamba doa lilikuwepo na mwanafunzi mwingine asilipishwe.